Mpira mmoja hauzai straika: Baleni ijifunze kwa wapiga shabaha

Kocha wa timu ya kijijini anaijua hesabu hii bila kufundishwa na mtu. Mpira mzuri ni mmoja. Ukipasuka leo, Jumapili hakuna mechi. Kwa hiyo mpira unalala nyumbani kwake, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati, mahali ambapo hata watoto wake hawafiki. Jioni ya mazoezi wachezaji wanakimbia kuzunguka uwanja, wanaruka, wanapiga pushapu, wanakimbia tena. Mpira ukitolewa, unatolewa dakika za mwisho, na timu nzima inaugombania.

Halafu inafika Jumapili. Straika anabaki yeye na kipa, uwanja mzima umeshika roho. Anafunga macho, anabutua. Mpira unapaa juu ya milingoti na kwenda kutafutwa kwenye minazi. Mashabiki wanashika vichwa. Mmoja anasema dogo hana bahati. Mwingine anasema timu imechezewa, aitwe mtaalamu.

Hakuna aliyeroga. Dogo wa watu amepiga mpira kwa mara ya sita tangu Jumapili iliyopita, basi.

Hii ndiyo hadithi ya timu za Baleni katika kisiwa cha Mafia, na ndiyo hadithi ya timu za vijijini karibu nchi nzima. Tunalaumu miguu ya vijana wakati tatizo liko kwenye mfuko wa mipira. Na dawa yake haihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Inahitaji kubadili namna ya kufikiri: mpira wa mechi uwe wa mechi, na mazoezi yawe na mipira yake, mingi, ya bei ya kawaida, ambayo hakuna anayeiogopea ikipasuka.

Mchezo mwingine uliligundua jambo hili zamani sana. Ni mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki.

Wanachojua wapiga shabaha

Shabaha ni mchezo wa Olimpiki tangu mwaka 1896, ile Olimpiki ya kwanza kabisa ya zama hizi. Kwetu mashabiki wa soka hatuufuatilii, lakini kuna kitu kimoja ambacho wachezaji wake wanakijua kuliko sisi. Risasi ni mali inayotumika mara moja. Ukifyatua, imekwenda. Mpigaji anayetaka kuwa hodari lazima afyatue nyingi, na nyingi ni fedha.

Sasa wakajiuliza: kwani lazima risasi ya mazoezi iwe sawa na ya mashindano? Jibu lao likawa hapana.

Risasi nzuri ya bunduki hukaa kwenye ganda la shaba ya njano. Shaba hiyo ina tabia nzuri: baruti ikilipuka, ganda linatanuka na kuziba chemba, kisha linanywea na kutoka kirahisi. Ganda hilo pia linaweza kujazwa baruti na kutumika tena. Ubaya wake ni bei. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilipopungukiwa shaba, ilitengeneza kwa wingi maganda ya chuma. Urusi ya wakati ule nayo ikashika njia hiyo, na baada ya vita ikaendelea nayo hadi ikawa ndiyo desturi. Ganda la chuma hupakwa vanishi au shaba nyembamba lisishike kutu, na kazi inaendelea. Ni rahisi kutengeneza, na kwa hiyo ni rahisi kununua.

Vijana wengi wa vijijini waliopita mgambo au JKT wamekutana na bunduki za asili ya Urusi na China, na bunduki za namna hiyo zilibuniwa zikiwa na ganda la chuma akilini. Ganda lake limechongwa kama linachongoka kidogo kuelekea mbele, ili liingie na kutoka bila kung'ang'ania. Vijana hao wanajua pia jambo jingine: kabla ya kukabidhiwa risasi hata moja, unakaa muda mrefu ukishika bunduki tupu, ukilala kifudifudi, ukijifunza kupumua na kuvuta kifyatulio taratibu. Mazoezi hayo hayana gharama, na bado ni mazoezi.

Basi katika nchi ambako raia wanashindana kulenga shabaha, wengi wamejiwekea utaratibu huo. Mazoezi ya kawaida, risasi ya ganda la chuma. Siku ya mashindano, risasi ya ganda la shaba. Kwa fedha ileile mtu anapata milio mingi zaidi, na milio mingi ndiyo inayofundisha bega, jicho na kidole.

Siyo kwamba jambo hili halina ubishi. Wapo waliosema risasi rahisi inaua bunduki. Mwaka 2013 wauzaji wa risasi wa Marekani waliamua kuumaliza ubishi huo kwa vitendo. Walichukua bunduki nne za aina moja, kila moja ikapewa aina yake ya risasi, moja ya shaba na tatu za ganda la chuma, kwa mpango wa milio 10,000 kwa kila bunduki. Matokeo yake yalikuwa na somo. Bunduki zilizolishwa risasi rahisi zilichoka mapema, moja ikashindwa hata kufika mwisho, na mitutu yao ikalika kuliko ule wa bunduki ya shaba.

Lakini hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, kilicholika mtutu halikuwa ganda ambalo watu wote walikuwa wakiliogopa. Ganda halipiti kwenye mtutu. Kilichoulika ni kile kichwa cha risasi kinachoruka, kwa sababu katika risasi hizo rahisi nacho kilikuwa kimevishwa chuma chini ya shaba nyembamba. La pili, walipopiga hesabu, fedha iliyookolewa kwa kununua risasi rahisi ilitosha kubadili mtutu uliochakaa na chenji ikabaki.

Kwa maneno mengine, risasi rahisi ina madhara yake, lakini madhara hayo yanajulikana na yana bei. Kukaa bila mazoezi nako kuna madhara yake, na hayo hakuna duka linalouza dawa yake.

Hesabu ya uwanjani

Turudi Baleni na tuipige hesabu hiyo kwa mguu.

Chukua timu yenye vijana 18 na mpira mmoja. Kocha ametenga nusu saa ya kupiga mashuti golini. Kijana apige, mpira ukafuatwe, urudishwe, mwenzake auweke chini: tuseme sekunde 20 kila shuti, na hapo hakuna aliyekwenda kuutafuta kwenye minazi. Nusu saa inatoa mashuti 90. Gawa kwa vijana 18, kila mmoja amepiga matano.

Sasa wape mipira sita, wagawane vikundi vya watatu watatu, wapige kwenye magoli mawili ya uwanja na mengine ya kusimika miti miwili. Nusu saa ileile, vijana walewale. Kila mmoja anapiga mashuti 30.

Wakifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi, kijana wa mpira mmoja amepiga mashuti 150. Mwenzake wa mipira sita amepiga 900. Wote wawili wana kipaji kilekile, wanakula muhogo uleule na samaki walewale. Siku wakikutana mbele ya goli, nani atatulia?

Ndiyo maana mazoezini kwa Simba, Yanga au Azam mipira inamwagwa kutoka kwenye nyavu kama samaki wa dau lililorudi na heri. Hakuna straika pale anayesubiri zamu ya kugusa mpira. Fiston Mayele alipoichezea Yanga msimu wa 2022/23 alifunga mabao saba katika Kombe la Shirikisho Afrika na kuwa mfungaji bora wa michuano hiyo, huku timu ikifika fainali dhidi ya USM Alger. Watu waliona kutetema kwake baada ya bao. Kabla ya kutetema kuna mguu ambao umezoea mpira, na mguu hauzoei mpira kwa kuutazama juu ya kabati.

Na tusijidanganye kwamba hili ni tatizo la kijijini tu. Lipande ngazi ulifuate hadi juu. Katika fainali tatu za kwanza za Mataifa ya Afrika ambazo Taifa Stars ilicheza, yaani 1980, 2019 na 2023, timu yetu iliingia uwanjani mara tisa. Ikafunga mabao sita. Haikushinda hata mechi moja. Ile ya 2023, iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, tuliondoka na bao moja, la Simon Msuva dhidi ya Zambia. Sare na DR Congo ilikuwa 0-0, mechi ambayo bao moja tu lingetupa ushindi wa kwanza.

Mabao yale yanayokosekana kwenye runinga yanaanza kukosekana huku chini, kwenye viwanja vya mchanga, kijana akiwa na miaka 12 na anasubiri zamu yake ya tano.

"Cha rahisi ni ghali"

Hapo mzee mmoja wa kamati ya timu atanyanyua mkono. Atasema mpira rahisi ni hasara. Unanunuliwa Jumatatu, Ijumaa umevimba upande kama embe bovu. Tena unamharibu mchezaji: akizoea mpira mwepesi, siku ya mechi anakutana na mzito anashindwa kuusukuma. Cha rahisi ni ghali, atamalizia, na watu watatikisa vichwa kukubali.

Mzee huyo hajakosea. Asikilizwe. Lakini ajibiwe vilevile kama wapiga shabaha walivyojibiwa: ujue hasa ni nini kinachoharibu.

Watu wengi wakinunua mpira wanatazama ngozi, rangi na jina lililoandikwa. Hayo ni kama ganda la risasi. Yanaonekana, lakini siyo yanayoharibu mguu wa mchezaji. Kinachoharibu ni uzito, ukubwa na upepo. Sheria ya pili ya soka imeshaweka vipimo: mpira namba tano uwe na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Mpira wa bei ya kawaida ukiwa ndani ya vipimo hivyo, unafaa kwa mazoezi hata kama ngozi yake ni ya kuigiza na rangi itafifia mwezi wa pili. Ukiwa nje ya vipimo hivyo, usinunuliwe hata ukiuzwa bei ya kutupa.

Kupima hakuhitaji maabara. Fundi cherehani ana futi ya kamba; zungusha mpira, soma namba. Muuza duka ana mizani ya kupimia sukari. Weka mpira juu ya kikombe usidondoke, ondoa uzito wa kikombe, soma namba. Kazi ya dakika mbili. Viongozi wa timu wanaokwenda kununua vifaa wakifanya hivyo, nusu ya malalamiko ya mzee wa kamati yamekwisha dukani kabla mpira haujapanda boti.

Vile vya plastiki vyepesi vya watoto navyo vina nafasi yake, lakini siyo kwenye mashuti. Vinafaa kwa chenga, kwa kutuliza, kwa madogo wa shule ya msingi kuzoea kitu cha mviringo mguuni. Hata mpira wa makaratasi na soksi wa chandimu umewafundisha wengi kukaa na mpira kwenye nafasi ndogo. Huo ni kama bunduki tupu ya mgambo: hautoi risasi, lakini unafundisha mwili. Kosa ni kumtoa kijana kwenye mpira wa plastiki Ijumaa na kumtaka apige faulo ya mita 25 Jumapili.

Hapo ndipo somo jingine la wapiga shabaha linapoingia. Risasi za aina mbili, hata zikifyatuliwa na bunduki moja na mtu mmoja, haziangukii mahali pamoja. Moja itapiga juu kidogo, nyingine pembeni. Ndiyo maana mpigaji mwenye akili hafanyi mazoezi miezi mitatu na risasi rahisi halafu akaingia mashindanoni moja kwa moja na ile ya ghali. Siku chache kabla, anafyatua kidogo zile za mashindano, anarekebisha kioo chake, anazoea.

Mpira nao uko hivyo. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipokuja Afrika Kusini, makipa wakubwa kabisa duniani waliulalamikia mpira wa Jabulani kwamba unayumba angani. Julio Cesar wa Brazil aliufananisha na ile inayouzwa dukani kwa bei ya chini. Haukuwa mpira rahisi hata kidogo. Lakini ulikuwa mpya kwao. Kama kipa wa Brazil alihitaji muda wa kuuzoea mpira, kijana wa Baleni naye apewe siku zake.

Utaratibu unaweza kuwa mwepesi tu. Mazoezi ya mwanzo na katikati ya wiki, mipira ya mazoezi. Mazoezi ya mwisho kabla ya mechi, mpira wa mechi unatoka kabatini: straika anapiga nao, kipa anaudaka, wapiga faulo na kona wanajaribu. Kisha unafutwa na kurudi kulala. Mpira huo utadumu misimu, na siku ya mechi hautakuwa mgeni miguuni mwa mtu.

Kisiwa kina adui zake

Mafia ina mazingira yake, na yasipozingatiwa, mipira sita itakuwa miwili kabla ya mwezi kuisha.

Adui wa kwanza ni chumvi. Hewa ya bahari haichagui. Inakula bati, inakula baiskeli, inakula nyuzi za mpira. Wapiga bunduki wanaijua vizuri. Zile risasi za zamani za kijeshi zilikuwa zinaacha chumvichumvi ndani ya mtutu, na askari aliyelala bila kusafisha aliamka na kutu. Dawa yao ilikuwa maji na kitambaa, kisha mafuta. Mpira uliochezewa karibu na bahari nao ufutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, ukaushwe kivulini, usianikwe juani kama nazi za mbata.

Adui wa pili ni mawe, vifuu vya nazi na miiba. Kabla ya mazoezi vijana wapite uwanja mzima mara moja kuokota. Dakika tano za kuokota zinaokoa mpira wa mwezi mzima, na zinaokoa nyayo, maana si kila mchezaji ana viatu.

Adui wa tatu ni pampu. Mipira mingi haifi kwa kupigwa. Inauliwa na sindano kavu inayosukumwa kwa nguvu hadi inachana tundu la bladda. Sindano ilowanishwe kidogo kwanza. Mpira usijazwe ukawa jiwe, na kama utakaa siku nyingi bila kutumika upunguzwe upepo. Ukitoboka, fundi baiskeli anaweza kuziba bladda. Ukifumuka, fundi viatu anaweza kushona. Mpira wa mazoezi wenye kiraka si aibu. Kiraka ni ushahidi kwamba umefanya kazi.

Nani anunue?

Hapa ndipo maneno mengi huishia. Mawazo mazuri, fedha hakuna. Lakini ukitazama vizuri, fedha ipo, ila inakwenda kwenye vitu vinavyopigwa picha.

Kiongozi akija kwenye ndondo anakabidhi jezi seti moja na mpira mmoja. Anapiga picha, anapanda gari. Siku ya fainali bingwa anapewa mbuzi. Mbuzi analiwa siku hiyohiyo, na kesho yake timu inaamka na mpira uleule mmoja. Hakuna anayesema watu wasile mbuzi; mbuzi ni furaha na soka ni furaha. Lakini mfadhili anayetaka jina lake likumbukwe Baleni, aongeze kwenye zawadi mfuko wa mipira ya mazoezi. Nyama inasahaulika ikishaiva. Mipira itaonekana uwanjani kila jioni, na kila shuti litamtaja.

Waandaaji wa mashindano ya kata nao wana njia yao. Kiingilio cha timu kiwe fedha kidogo pamoja na mpira mmoja wa mazoezi uliopimwa. Timu nane zikiingia, kata ina mipira minane. Igawanywe kwa zamu kwa timu na shule, iandikwe kwenye daftari, mwenye kupoteza ajibu. Ni mtindo uleule wa kuchangiana ambao akina mama kwenye vikoba wameshaufanya kwa miaka bila kelele.

Ununuzi wenyewe ufanywe kwa pamoja. Kila kitu kinachoingia Mafia kinavuka maji. Mpira unatoka Kariakoo, unasafiri hadi Nyamisati, unapanda chombo hadi Kilindoni, ndipo uje Baleni. Timu moja ikinunua mpira mmoja, inalipa safari nzima kwa ajili ya mpira mmoja. Timu tano zikiagiza pamoja, mipira ikasafirishwa bila upepo kwenye gunia moja, nauli inagawanyika na bei ya jumla inashuka.

Halmashauri ya Wilaya ya Mafia na chama cha soka cha mkoa wa Pwani, COREFA, nao wasibaki watazamaji. Kila mwaka shule zinajiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, na vijana wanachaguliwa kwa siku chache tu za kutazamwa. Kijana aliyegusa mpira mara chache mwaka mzima anaombwa aonyeshe kipaji ndani ya dakika 20. Anashindwa, anarudi, na jina lake linafutwa. Hakupewa mtihani wa haki. Mwanafunzi hanyimwi kalamu mwaka mzima halafu akaulizwa kwa nini mwandiko wake mbaya.

Wakati ndio huu

Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zimepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Kelele zote ziko kwenye viwanja, nyasi, taa na hoteli. Hayo ni mambo ya lazima. Lakini mashindano yatapita, wageni wataondoka, na swali litabaki palepale: vijana waliokuwa na miaka 10 au 12 wakati Afrika nzima ilipokuja kwetu, wamejifunza wapi kufunga?

Hawatajifunza Uwanja wa Mkapa. Watajifunza Baleni, Kirongwe, Jibondo na kila kijiji chenye milingoti miwili na goli lisilo na nyavu. Na watajifunza kwa kupiga, kukosa, kupiga tena, hadi mguu uelewe wenyewe bila kuambiwa.

Kwa hiyo gazeti hili lina rai moja kwa timu za Baleni na kwa kila anayesema anapenda soka la kisiwa kile. Msimu huu, kabla ya kushona jezi mpya, kabla ya kumtafuta mtaalamu wa kuondoa mkosi, fedha ya kwanza inunue mipira ya mazoezi. Si ya kifahari. Iliyopimwa kwa mizani ya duka na futi ya fundi cherehani. Mitano, sita, kadiri mfuko unavyoruhusu. Ule mzuri mmoja uendelee kulala kabatini hadi karibu na mechi. Hiyo ndiyo heshima yake.

Baada ya hapo mwacheni dogo apige hadi giza liingie. Akipaisha, asicheke mtu. Kuna mpira mwingine hapo chini unamsubiri.